Trapani haisomeki kutoka Roma

Tarehe 12 Mei 1964 serikali ya Tunisia ilitaifisha ardhi ya kilimo iliyokuwa mikononi mwa wageni. Katika waliofungasha virago walikuwamo Wasisilia wengi, wakulima wa mizabibu ambao babu zao walivuka bahari katika karne ya 19 wakitokea Trapani na kisiwa cha Pantelleria. Miaka minne haijatimia, usiku wa kuamkia 15 Januari 1968, tetemeko la ardhi likalipiga bonde la Belice, magharibi ya Sisilia, ng'ambo ya maji hayo hayo, likaua watu zaidi ya 200 na kuwaacha maelfu kwa maelfu bila makao. Serikali ya Italia iliwagawia manusura tiketi za treni za bure, za kwenda tu bila kurudi, ili wakatafute maisha kaskazini. Mashamba yakakosa wachumaji. Mashua za Mazara del Vallo zikakosa mabaharia. Waliokuja kuziba pengo walikuwa Watunisia, wengi wao kutoka miji ya Mahdia na Chebba.

Msafara uliokuwa ukielekea kusini kwa karibu karne nzima ukageuka ukaelekea kaskazini, kwenye maji yale yale, na mara nyingi kwa kazi zile zile: nyavu na zabibu.

Ninaanza na miaka hiyo kwa makusudi. Mkoa wa Trapani, ulioko ncha ya magharibi ya kisiwa cha Sisilia, huandikwa kwa namna mbili. Vipeperushi vya utalii huuandika kama nchi ya mahekalu, fukwe na mvinyo. Magazeti huuandika kama mlango wa nyuma wa Ulaya unaohitaji kufuli. Waandishi wa aina zote mbili wamesimama kaskazini wakitazama chini, na kutoka huko mambo mengi hayaonekani. Hoja yangu ni kwamba Trapani ni upande mmoja wa mlango bahari wenye pande mbili. Karibu kila kilichoufanya mkoa huu uwe ulivyo, utajiri wake na umaskini wake, kimetokana na njia hiyo ya maji kuwa wazi au kufungwa. Anayeupangia sera huku ameukata upande wa pili wa ramani, anapangia mahali pasipokuwepo.

Tazama masafa. Kutoka mji wa Trapani hadi Roma ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Hadi Tunis ni takriban 250. Mlango bahari wenyewe, pale unapokuwa mwembamba kati ya Sisilia na Cap Bon, rasi ya Tunisia, una upana wa takriban kilomita 145. Katikati yake kimekaa kisiwa cha Pantelleria, kilicho chini ya mkoa huu huu, na chenyewe kiko karibu zaidi na Afrika kuliko Sisilia: takriban kilomita 70 kwenda Tunisia, takriban 100 kwenda Sisilia. Siku ambayo anga ni safi, mkazi wa Pantelleria huiona Afrika kwa macho yake bila darubini.

Pantelleria inastahili tutulie kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo jiografia inaonekana kwenye mikono ya watu. Ni kisiwa cha volkano chenye kilomita za mraba 83, na mlima wake mkubwa unafika mita 836. Hakina mto. Upepo hauachi kuvuma. Mkulima wa huko huchimba kijishimo kwa kila mzabibu na kuupanda humo ndani, akaukata matawi ili utambae chini kama kichaka, kwa maana mzabibu ukisimama wima upepo utaumaliza, na kile kijishimo hukusanya umande na mvua kidogo inayonyesha. Namna hiyo ya kilimo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Mti mmoja wa mchungwa au mlimau hujengewa ukuta wake wa mawe, wa duara, mrefu kuliko mtu, bila saruji wala udongo. Ukuta huo unazuia upepo, na mawe yake yakipoa usiku yanavuta unyevu ambao mizizi inaunywa. Fikiria kazi ya kujenga ngome nzima kwa ajili ya mti mmoja. Nyumba zao, ziitwazo dammusi, zina mapaa yenye migongo ya mviringo yanayoteremsha kila tone la mvua kwenye birika chini ya ardhi. Vitongoji vyao vinaitwa Gadir, Khamma, Bukkuram, Bugeber. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu wa kumwambia majina hayo yalitoka upande gani wa bahari.

Rudi sasa Sisilia yenyewe, kwenye wangwa kati ya Trapani na Marsala. Kuna kisiwa kidogo ndani ya maji ya kina kifupi, kinaitwa Mozia. Wafinisia walijenga mji hapo katika karne ya 8 KK, wakauunganisha na nchi kavu kwa barabara iliyojengwa majini, ambayo mikokoteni ya zabibu iliendelea kuitumia hadi karne ya 20, magurudumu yakiwa ndani ya maji. Mji wenyewe ulikuwa mkono wa Karthago, na Karthago ilikuwa kando ya Tunis ya leo. Mwaka 397 KK Dionisio, mtawala wa Siracusa, mji wa Wagiriki mashariki ya Sisilia, aliuteka na kuuvunja, na waliosalia wakaanzisha Lilybaeum, ndiyo Marsala ya leo.

Wagiriki nao walikuwa na mji wao kusini, Selinunte. Ulikuwa na ugomvi wa mipaka usiokwisha na Segesta, mji wa Waelimi, watu waliokuwepo kabla ya Wagiriki. Ugomvi huo wa vijiji viwili, kwa lugha ya leo, ulivuta dola kubwa mbili. Segesta iliomba msaada Athens. Wajumbe wa Athens walipofika kukagua kama kuna fedha za kulipia vita, wenyeji waliwakaribisha nyumba hadi nyumba wakiwaandalia kwa vyombo vya dhahabu na fedha, na vyombo vilikuwa vile vile, vinahamishwa kwa siri kutoka karamu moja hadi nyingine. Athens ikaingia mkenge, ikatuma meli mwaka 415 KK, ikaangamia Siracusa. Segesta ikageukia Karthago, na mwaka 409 KK jeshi la Karthago likaisambaratisha Selinunte. Karibu na mji wa Campobello di Mazara lipo machimbo ya mawe yaitwayo Cave di Cusa. Wachongaji walikuwa wakitengeneza hapo vipande vya nguzo za hekalu kubwa la Selinunte. Habari za vita zilipofika waliacha kazi. Vipande vya nguzo, vinene kuliko urefu wa mtu, bado vimeshikana na mwamba vilipoachwa, vimezungushiwa mfereji mwembamba ambamo mchongaji alisimama akipiga patasi. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa jinsi uamuzi uliofanywa ng'ambo ulivyosimamisha maisha upande huu kwa siku moja.

Kisha Roma. Tarehe 10 Machi 241 KK, karibu na visiwa vya Egadi, meli za Roma zilizishinda za Karthago na kumaliza vita vilivyodumu zaidi ya miaka 20. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa akiolojia ya baharini wametoa sakafuni mwa bahari zaidi ya pembe 20 za shaba zilizofungwa kwenye meli hizo kwa ajili ya kutoboa za adui. Roma ikaitwaa Sisilia, na hapo ndipo utaratibu wake wa kutawala ng'ambo kwa mikoa ulipoanzia: sehemu kubwa ya Sisilia ilikuwa mkoa wake wa kwanza. Kwa hiyo wazo lenyewe la mkoa, la mahali panapotawaliwa na watu wasioishi hapo, lina mizizi yake kwenye maji ya Trapani. Na tangu siku hiyo mtazamo wa Roma juu ya kisiwa hiki haukubadilika sana: ghala la ngano na ukuta wa kuzuia kusini.

Kusini hakukuzuilika. Mwaka 827 jeshi la Waaghlabi, watawala wa Tunisia ya wakati huo, liliteremka Mazara likitokea Sousse. Kiongozi wake alikuwa Asad ibn al-Furat, kadhi wa Kairouan, mwanachuoni aliyesoma kwa Imam Malik mwenyewe, mtu aliyekwisha kupita umri wa miaka 65. Alikaribishwa na Euphemius, kamanda wa majeshi ya majini ya Bizanti, dola ya Kikristo iliyokuwa ikiitawala Sisilia, aliyeasi mfalme wake. Asad alifariki mwaka uliofuata wakati wa kuizingira Siracusa, lakini utawala wa Kiislamu ulidumu kisiwani kwa zaidi ya karne mbili. Magharibi ya kisiwa ikaitwa Val di Mazara, na jina hilo liliendelea kuwa la kiserikali hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Wanormani, wapiganaji Wakristo waliotokea kaskazini ya Ufaransa, waliutwaa mji wa Trapani mwaka 1077, ila njia ya maji haikufungwa siku hiyo. Mfalme Roger II alimweka kasrini kwake Palermo mwanajiografia al-Idrisi, ambaye kitabu chake kilikamilika mwaka 1154. Humo ameandika juu ya mabwawa ya chumvi yaliyo mbele ya lango la Trapani, marijani yake, na jodari wanaovuliwa kwa nyavu kubwa. Katika kitabu hicho hicho zimo habari za Malindi na Mombasa na chuma cha pwani ya Zanj. Yaani mtu aliyekuwa akiuza chumvi Trapani na mtu aliyekuwa akifua chuma Malindi waliingia katika kitabu kimoja, kwa sababu kulikuwa na mfalme Mkristo aliyekubali kuona dunia kwa elimu ya Kiarabu.

Miaka 30 baadaye alipita hapo Ibn Jubayr, Mwislamu wa Andalusi, Hispania, aliyekuwa akirejea kutoka Hija. Meli yake ilivunjika Messina, akavuka kisiwa hadi Trapani kutafuta chombo cha kumfikisha kwao, akakaa hapo majira ya baridi akisubiri. Aliswali Idd el-Fitri Trapani, Januari 1185, na akashangaa kuona Waislamu wakitoka kwenda kuswali kwa ngoma na pembe huku Wakristo wakiwaacha. Ukiishia hapo utapata picha tamu ya watu wa dini mbili wakiishi kwa raha. Lakini Ibn Jubayr hakuishia hapo. Anasimulia kwamba mmoja wa waheshimiwa wa mji alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji, akimwomba amchukue binti yake: akitaka amwoe, asipotaka amwozeshe kwa mtu wa nchi yake, mradi amtoe Trapani. Binti mwenyewe aliridhia kuachana na baba na ndugu zake. Baba alikuwa akiona mbele. Mahakama, misikiti na sheria zilikuwa bado zipo, lakini alijua mtoto wake hatakuwa na mahali katika nchi inayokuja.

Hakukosea. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 mfalme Frederick II aliwahamisha Waislamu wa Sisilia kwa nguvu, akawapeleka Lucera, bara la Italia. Mashamba ya magharibi yaliyomwagiliwa kwa ustadi yakaachwa, vijiji vikafa, na kwa karne nyingi zilizofuata nchi ya ndani ya Trapani ikawa ya ngano na makabaila. Watu wakipenda kusema kwamba umaskini wa kusini mwa Italia ni wa tabia ya wenyeji, mimi husema warudi kwenye uamuzi huo wa kumfukuza mkulima kwa sababu ya dini yake.

Kilichobaki pwani kilikuwa bahari yenyewe, na hiyo iliwalisha. Chumvi ya Trapani hutengenezwa hadi leo kwa njia ambayo haikubadilika sana. Maji ya bahari huingizwa kwenye bwawa la kwanza, kubwa na baridi, kisha yanasogezwa bwawa kwa bwawa, kila moja kina chake kikipungua na joto lake likipanda, zamani kwa parafujo ya mbao iliyozungushwa na kinu cha upepo. Kadiri yanavyokolea ndivyo rangi inavyogeuka kuwa ya waridi. Kufikia Julai bwawa la mwisho limefunga ukoko mweupe, na wafanyakazi wanauvunja kwa majembe na kuipanga chumvi katika vichuguu virefu kando ya mabwawa, ambavyo kabla ya mvua za vuli hufunikwa kwa vigae vya udongo. Jodari nao walivuliwa Favignana kwa mtego wa nyavu wenye vyumba, uliosimikwa baharini kila mwaka kama wando mkubwa, chini ya amri ya mkuu wa wavuvi ambaye cheo chake ni raisi. Familia ya Florio ilivinunua visiwa vya Egadi mwaka 1874 na kujenga kiwanda cha kusindika samaki hao kwenye mafuta. Uvuvi huo wa Favignana ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2007, na kiwanda sasa ni makumbusho.

Mvinyo wa Marsala ni kazi ya wafanyabiashara wa Kiingereza, akiwamo John Woodhouse aliyeanza kuusafirisha mwaka 1773 akiuongezea pombe kali usiharibike melini. Garibaldi, mpiganaji wa kuiunganisha Italia, naye aliteremka Marsala tarehe 11 Mei 1860 na wapiganaji wake elfu moja na kidogo, na siku nne baadaye akashinda vita vya Calatafimi. Kila mtoto wa shule Italia anajifunza tarehe hizo. Asichofundishwa ni kwamba umoja wa Italia uliozaliwa hapo haukumpa ardhi mkulima wa Trapani aliyeupokea kwa shangwe.

Ndipo wakaanza kuvuka. Wengine walikwenda Marekani. Wengine, hasa wavuvi na wakulima wa mizabibu wa Trapani na Pantelleria, walikwenda mahali pa karibu, Tunisia. Wengi walikwenda hata kabla ya Ufaransa kuitwaa nchi hiyo mwaka 1881, na mwanzoni mwa karne ya 20 Waitalia walioishi Tunisia, wengi wao Wasisilia, walikuwa wengi kuliko Wafaransa wenyewe waliokuwa wakitawala. Pale La Goulette, bandari ya Tunis, mtaa wao uliitwa Sisilia Ndogo. Mwigizaji Claudia Cardinale alizaliwa Tunis mwaka 1938 katika familia ya aina hiyo. Walikuwa maskini, walivuka kwa mashua, baadhi yao bila karatasi yoyote, wakafanya kazi ambazo wengine hawakuzitaka. Sentensi hiyo unaweza kuiandika leo kuhusu Watunisia walioko Trapani bila kubadilisha neno.

Na hapa ndipo tunarudi Belice, kwa sababu tetemeko lile halikuvunja nyumba tu. Miji mitatu ya mkoa huu, Gibellina, Poggioreale na Salaparuta, pamoja na Montevago ya mkoa jirani wa Agrigento, ilifutika. Manusura waliwekwa kwenye mabanda ya mabati, na wengine walizeekea humo. Gibellina ilijengwa upya takriban kilomita 20 kutoka mahali pake, na meya wake, Ludovico Corrao, akawaita wasanii wakubwa wa Italia kuipamba. Pietro Consagra aliweka nyota ya chuma juu ya barabara ya kuingilia mjini. Alberto Burri alikataa kuweka kitu mji mpya. Alikwenda kwenye magofu, akayafunika kwa saruji nyeupe, vitalu virefu kumkaribia mtu, akaacha nyufa zinazofuata mitaa ya zamani. Kazi ilianza mwaka 1984, ikasimama mwaka 1989, ikakamilishwa mwaka 2015. Unatembea katikati ya nyufa hizo ukijua kwamba chini ya saruji kuna vitanda, masufuria na picha za harusi.

Ninaiheshimu kazi hiyo. Lakini sikubaliani na wanaoitaja Gibellina kama ushindi wa sanaa, hasa sasa ilipoteuliwa kuwa mji mkuu wa kwanza wa Italia wa sanaa ya kisasa, kwa mwaka 2026. Viwanja vya Gibellina mpya ni vipana mno kwa watu waliomo. Wenyeji walipewa barabara za mji wa bustani wa kaskazini, wao waliozoea vichochoro ambamo jirani anasikia kikohozi cha jirani. Paa la kanisa lake kuu liliporomoka mwaka 1994 kabla ya kanisa lenyewe kuanza kutumika. Kazi hazikuja, vijana wakaondoka, na mji una watu wasiofika 4,000. Fedha zilikuwepo, wasanii walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuwauliza wakulima watakula nini.

Mazara ilijijibu yenyewe. Watunisia walipanga nyumba katika mtaa wa kale wa mji, ambao Wasisilia walikuwa wakiuhama, ndani ya mpangilio uleule wa vichochoro unaotokana na zama za utawala wa Kiislamu. Walipanda mashua zinazokwenda kuvua kamba wekundu kwenye kina kirefu, safari za wiki kadhaa. Mazara ikawa mojawapo ya bandari kubwa kabisa za uvuvi Italia, na isingekuwa hivyo bila wao. Ukitaka kuona maana ya jambo hili, tazama orodha ya mabaharia 18 waliokamatwa tarehe 1 Septemba 2020 na majeshi ya Khalifa Haftar, kamanda wa mashariki ya Libya, kwenye maji ambayo Libya inayadai kuwa eneo lake la uvuvi. Walikuwa kwenye mashua mbili za Mazara. Walikuwamo Waitalia, Watunisia, Wasenegali na Waindonesia. Walikaa kizuizini Benghazi siku 108, hadi waziri mkuu Giuseppe Conte alipokwenda kuwachukua tarehe 17 Desemba. Mazara nzima iliwasubiri wote, na wake wa Kisisilia na wa Kitunisia walisimama pamoja wakidai waume zao.

Kisa hicho kinanilazimu kujibu pingamizi lenye uzito. Bahari hii haikuleta wageni wema peke yao. Pwani yote ya mkoa imejaa minara iliyojengwa kuangalia maharamia waliokuja kuteka watu na kuwauza utumwani, na maharamia wa Kikristo walifanya vivyo hivyo upande wa Tunisia. Mei na Juni 1943 ndege za Washirika zilizokuwa na viwanja Afrika Kaskazini ziliishambulia Marsala na kuiponda Pantelleria hadi ikasalimu amri. Machi 2011 uwanja wa ndege wa Birgi, ambao uchumi wa utalii wa mkoa unautegemea, ulifungiwa abiria ili ndege za kivita zipae kwenda Libya. Anayesema kwamba njia iliyo wazi huleta pia hatari anasema kweli.

Ila tuulize kufuli limeleta nini. Mjini Trapani kulikuwa na kituo cha kuwazuia wahamiaji, Serraino Vulpitta. Usiku wa kuamkia 29 Desemba 1999, baada ya jaribio la kutoroka lililoshindwa, moto uliwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Watu 6 walikufa, watatu papo hapo na watatu hospitalini. Hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lolote la jinai, walikuwa wakisubiri kurudishwa. Na huku dola ikiweka rada na meli za doria kumtafuta kijana wa Mahdia ndani ya mashua, Matteo Messina Denaro wa Castelvetrano, kiongozi wa Mafia aliyesakwa tangu 1993, alikuwa na maficho yake Campobello di Mazara, mji ule ule wa machimbo ya Cave di Cusa, umbali mfupi kutoka kwao. Alikamatwa Palermo Januari 2023, baada ya miaka 30. Tishio kubwa kwa mkulima na mfanyabiashara wa Trapani halikuja kwa mashua. Lilikuwa linanunua mboga dukani.

Mkoa wenyewe hauna sauti ya kusema haya. Mwaka 2015 Sisilia, ambayo ina bunge lake lenye madaraka maalumu, iliifuta mikoa na kuweka mahali pake miungano ya manispaa. Kwa takriban miaka kumi Trapani iliendeshwa na makamishna walioteuliwa Palermo, na uchaguzi ulipofanyika Aprili 2025 wapiga kura walikuwa mameya na madiwani, wananchi hawakuitwa. Barabara za vijijini na majengo ya shule za sekondari yako chini ya chombo hicho kisichochaguliwa na watu. Uvuvi unaamuliwa Brussels na Roma, mipaka inaamuliwa Roma, viza zinaamuliwa ubalozini Tunis. Ni vigumu kuutafuta mkoa wa Ulaya ambao maisha yake yanategemea zaidi mambo usiyoruhusiwa kuyaamua.

Kama Roma ingeisoma Trapani kutoka Trapani, mambo matatu yangekuwa ya kwanza mezani. Mkataba wa uvuvi wa kweli na Tunisia na Libya, wenye maeneo ya pamoja na misimu ya pamoja, kwa kuwa kamba wekundu hawana pasipoti na wanakwisha pande zote mbili. Ruhusa za kazi za msimu zinazotolewa kwa wakati, ili mchumaji wa zabibu na zeituni apande feri ya halali, akamaliza msimu akarudi kwao, kama ambavyo mtu wa Pantelleria alivyokuwa akienda Cap Bon na kurudi. Na uraia.

Hili la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mazara ina watoto waliozaliwa hapo na wazazi waliolelewa hapo, wanaoongea Kisisilia cha bandarini kuliko mbunge yeyote aliyeko Roma. Kwa sheria namba 91 ya 1992, mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia anaomba uraia akitimiza miaka 18, na anayekuja kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kuishi nchini miaka 10 ndipo aombe. Tarehe 8 na 9 Juni 2025 Italia ilipiga kura ya maoni kuipunguza miaka hiyo 10 iwe 5. Karibu theluthi mbili ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 30, na bila asilimia 50 kura haihesabiki. Bunge halizuiwi na matokeo hayo kubadilisha sheria lenyewe. Linaweza kufanya hivyo likitaka, na wabunge waliochaguliwa Trapani wangepaswa kuwa wa kwanza kuuleta muswada.